Vipando vya dragoni fruti: ulizia kibali kabla ya bei

Simu zinazoingia ofisini kwetu hapa Dodoma siku hizi zinafanana. Mtu amenunua vipando vya dragoni fruti, mmea wa matunda unaotambaa, amesimamisha nguzo, amemwagilia, na sasa mashina yana madoa ya rangi ya chungwa yanayoishia kuoza. Ukimuuliza vilitoka wapi: "Kuna kijana aliniletea kwa basi kutoka Kenya."

Tunaamini wengi hawakukusudia kuvunja sheria. Hata hivyo, kipande cha shina cha futi moja kilichofungwa kwenye gazeti ni mmea, kiwe na mizizi kisiwe nayo, na kinasimamiwa na Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Kibali cha kuingiza mimea huombwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) mzigo ukiwa bado ulikotoka, siyo ukishafika nao Namanga ndipo uanze kutafuta wa kuongea naye. Masharti ya kibali unampelekea muuzaji, ili wakaguzi wa nchi yake wavikague vipando na kutoa cheti cha afya ya mimea. Cheti hicho, nakala halisi na siyo picha kwenye simu, husafiri na mzigo. Mpakani mkaguzi atafungua, atatazama, na akiridhika ataruhusu. Ukikosa kimojawapo, mzigo unaweza kuzuiwa, kurudishwa au kuteketezwa, na gharama ni zako. Anayezalisha miche ya kuuza, hata uani kwake, aonane na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, kuhusu usajili.

Malalamiko mengine hayahusu sheria. "Si jamii ya kakati, mimea ya jangwani? Mbona inakufa kwa jua?" Jamani, asili yake ni misitu ya Amerika ya Kati, ambako hutambaa kwenye miti, kivulini. Jua letu la Oktoba huliunguza shina likawa la njano, kwa hiyo mche mchanga uwekewe neti ya kivuli. Umwagilie maji kidogo kidogo kiangazi chote; yakituama, mizizi inaoza. Kama kisima chako kina chumvi, na Dodoma vipo vingi, pima maji kabla hujachimba shimo hata moja. Nguzo ziwe za zege, maana za mti mchwa watazimaliza na mmea huu huishi miaka 20. Juu ya nguzo weka tairi chakavu la pikipiki ili matawi yaning'inie.

Wengine wanapata maua bila matunda. Ua hufunguka usiku mmoja tu na asubuhi limeshanyauka, na aina nyingi ambazo tunda lake ni jekundu ndani hazijichavushi. Panda aina mbili, kisha saa mbili usiku toka na tochi na brashi laini, chukua chavua ya aina moja upake kwenye ua la nyingine. Mwenye nguzo tatu uani anamaliza kabla chai haijapoa. Mwenye ekari, kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ana nguzo zaidi ya 400, na wanaokokotoa faida kwenye makundi ya WhatsApp hawaziweki hesabuni hizo saa za usiku.

Mwenye mimea yenye madoa hayo ya chungwa shambani asikate vipando vya kumgawia jirani, wala asitupe mabaki korongoni. Kata shina lenye madoa, lifunge kwenye mfuko wa plastiki, ulilete ofisini likiwa bichi. Kisu ukisafishe kwa spiriti kabla ya kugusa mmea mwingine.