Kupima unyevu wa udongo kwa gari maana yake nini hasa?

Ukisikia watu wanapima unyevu wa udongo kwa gari usidhani kuna chuma kimefungwa chini kinakwaruza ardhi, hamna, sensa (kifaa cha kupimia) inakaa tu ndani ya gari, udongo haiugusi kabisa, kazi yake ni kuhesabu nyutroni basi, yaani chembe ndogo sana zisizo na chaji zinazopatikana ndani ya kiini cha atomu.

Nyutroni zinatoka wapi? Dunia inapigwa muda wote na miale ya kosmiki kutoka anga za mbali, ikigonga atomu za hewa na za udongo inarusha nyutroni zenye kasi kubwa, na baadhi zinatoka ardhini kurudi hewani. Sasa hakuna kinachozipunguza kasi kama haidrojeni, kwa sababu kiini chake kina uzito karibu sawa na nyutroni yenyewe. Chukulia gololi, ikigonga gololi mwenzake inamwachia mwendo wote, ikigonga jiwe inadunda tu na kuendelea. Na haidrojeni ya ardhini sehemu kubwa iko kwenye maji, so udongo ukilowa nyutroni zenye kasi zinazofika kwenye sensa zinapungua, ukikauka zinaongezeka. Yaani namba ikishuka ndio kumelowa, mwanzoni inachanganya kidogo.

Njia hii ilianza kujulikana 2008 kupitia Marek Zreda na wenzake wa chuo kikuu cha Arizona, Marekani. Uzuri wake ni kwamba inakaa katikati: ukichomeka kipimo ardhini kinakupa habari za pale pale kiliposimama tu, setilaiti kama SMAP ya NASA iliyorushwa 2015 inaona sentimita 5 hivi za juu na kila nukta ya picha yake inabeba eneo la makumi ya kilomita, lakini hii inakupa wastani wa mita 100 na zaidi kila upande, na kina cha kuanzia sentimita 15 hivi kwenye udongo uliolowa hadi zaidi ya 50 kwenye mkavu. Ukiiweka kwenye gari unapata ramani ya eneo zima.

Ila gari lina shida zake. Sensa iliyosimamishwa sehemu moja ina saa nzima ya kuhesabu, ya kwenye gari ina dakika moja tu kabla hujahama, na nyutroni zikiwa chache namba inayumba, ndio maana sensa ya kwenye gari inakuwa kubwa zaidi na dereva anatakiwa aende polepole.

Kingine ambacho wengi wanakisahau ni barabara yenyewe!! Sensa inasikiliza zaidi mita chache zilizo karibu nayo, na karibu yake ni lami au kokoto kavu, so shamba la pembeni linaonekana kavu kuliko lilivyo, na barabara ikiwa pana alafu shamba limelowa sana kosa ndio linakuwa kubwa. Bila kurekebisha hapo mimi ramani hiyo siiamini. Kuna marekebisho mengine pia, presha ya hewa, mvuke, mimea (nayo imejaa maji), alafu bado lazima uchimbe sampuli za udongo, upime uzito, ukaushe kwenye oveni nyuzi 105 kwa saa 24, upime tena, ndio ujue namba za sensa zina maana gani.

Ujerumani walienda mbali zaidi wakaifunga kwenye treni, matokeo yakachapishwa 2021, na treni inapita reli ileile kila mara so unaona eneo lilelile linavyokauka na kulowa bila kumtuma mtu kuendesha.