Kile kiboksi cha ulemavu na jeshi kwenye fomu ya kazi Marekani: watu wanachodhani na ukweli wenyewe

Mi nafanya kazi HR, yaani idara ya wafanyakazi, hapa Marekani, kwenye kampuni yenye mikataba na serikali kuu, na kila tukituma ile fomu ya kuuliza kama una ulemavu au kama uliwahi kuwa jeshini, ndugu zetu wanaoongea Kiswahili wanaanza kunitafuta. Mwaka huu mama mmoja wa kufungasha mizigo alinikuta chumba cha mapumziko, miwani puani, simu kainyoosha mbele yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nani kawaambia mimi mlemavu?" Nikamjibu, hakuna aliyewaambia, mama, wameulizwa wote mpaka mkurugenzi. Akashusha pumzi, akafungua mkoba achukue kile kimashine cha kuchoma kidole kupima damu, akasema mwenyewe, mimi mzima, nina sukari tu.

Nilikaa kimya maana kazi yangu hainiruhusu kumchimba mtu ugonjwa wake, ila nilimwonyesha orodha iliyopo kwenye hiyo hiyo fomu. Kisukari kimo. Saratani imo, hata kama ulishapona. Kifafa, moyo, sonona, kipandauso, ile hali ya kushtuka na kuota vita usiku, uraibu wa pombe, vyote vimo, na fomu inasema wazi kwamba orodha haiishii hapo. Sisi tukisikia mlemavu tunamwona mtu wa kiti cha magurudumu au fimbo nyeupe, basi mtu anajibu hapana kwa roho safi kabisa na wala hadanganyi, neno lenyewe ndo limempotosha. Sheria inaangalia kama hali yako ya mwili au akili inakubana sana kwenye mambo makubwa ya maisha, na tangu marekebisho ya 2008 haijalishi kwamba dawa inakutuliza, wanaangalia ungekuwaje bila hiyo dawa.

Wengine wanasema kuuliza hivi ni kuvunja sheria, na hapa nawaelewa, kwa sababu sheria ya walemavu ya 1990 kweli inamkataza mwajiri kukuuliza ulemavu kabla hajakupa ofa. Lakini kuna sheria ya 1973, kifungu cha 503, inayozitaka kampuni zenye mikataba ya serikali kuu zijitahidi kuajiri watu wenye ulemavu, na kanuni zake zilizoanza Machi 2014 zikasema kampuni ikualike ujitaje kama una ulemavu wakati unaomba kazi, tena baada ya ofa, halafu wafanyakazi wote waalikwe kila miaka 5 na kukumbushwa angalau mara moja hapo katikati. Kwahiyo kuulizwa kwa fomu maalumu, inaitwa CC-305 na ina maneno ambayo kampuni hairuhusiwi kuyabadilisha, ni halali. Meneja akikuuliza kwenye usaili "mbona unachechemea, una tatizo gani?" hiyo ndo siyo halali.

Halafu kujibu siyo lazima. Viboksi ni vitatu, ndiyo, hapana, na sitaki kujibu, na hicho cha tatu ni jibu kamili kama mengine. Kukulazimisha ni marufuku.

Kuhusu bosi kuona jibu lako, hofu hii ni kubwa na siidharau hata kidogo. Kanuni zinasema majibu yakae kwenye faili lake la takwimu, mbali na faili lako la kazi na mbali na faili la matibabu, na anayeamua nani aajiriwe hatakiwi kuyaona. Kampuni ikizembea hapo, ikawa majibu yanazagaa kwenye barua pepe za mameneja, imevunja kanuni.

Sasa hii inayofuata ndo inaumiza watu kweli kweli. Kuna kijana wa zamu ya usiku, alitoka jeshini na mgongo mbovu, akatiki ndiyo kwenye ulemavu na ndiyo kwenye jeshi, akatulia akisubiri apewe kiti pale kwenye mashine. Miezi minne anasimama masaa manane kila usiku, anaamini kampuni imeshaambiwa na imempuuza, hasira zimemjaa, na meneja wake hajui chochote kwa sababu ndivyo ilivyo, ile fomu haimfikii! Ni ya kuhesabu tu. Kuomba kurekebishiwa mazingira ya kazi ni njia nyingine kabisa, unamwambia msimamizi au HR kwa maneno ya kawaida, mgongo wangu una shida siwezi kusimama zamu nzima nahitaji kiti, wala huhitaji kutaja sheria yoyote wala kuandika barua rasmi, na hapo kampuni inatakiwa ikae na wewe mzungumze, na inaweza kukuomba karatasi ya daktari. Aliposema, kiti kilifika wiki ile ile. Aliniambia, "Kumbe muda wote nilikuwa nimeiambia kompyuta."

Upande wa jeshi sheria ni ya 1974, wakati wa wanajeshi wa Vietnam, na labda ndo maana watu wanadhani inamhusu mzee mwenye medali kifuani. Tuna vijana waliojiunga wakiwa na green card, wakakaa miaka minne kwenye stoo ya vipuri, wanajibu hapana eti sikupigana vita. Sheria haiulizi kama ulifyatua risasi. Inamlinda aliyeumia kazini jeshini, aliyetoka ndani ya miaka 3 iliyopita, aliyepata medali fulani, na aliyekuwa kazini jeshini kipindi cha vita, na kwa sheria za Marekani kipindi cha vita vya Ghuba kilianza 2 Agosti 1990 na hakijafungwa mpaka leo. Fanya hesabu mwenyewe. Ila uwe hukufukuzwa kwa aibu.

Na ile 7% ya wafanyakazi wenye ulemavu inayotajwa kwenye kanuni siyo kota, yaani siyo idadi ya lazima. Ni lengo la kujipima, na kutolifikia peke yake siyo kosa.

Januari 2025 rais alifuta amri ya 1965 iliyohusu rangi na jinsia kwenye mikataba ya serikali, na uvumi ukaenea kwamba hata haya ya walemavu na wanajeshi yamekufa. Hayakufa kwa amri ile, kwa sababu haya yametungwa na Bunge. Julai 2025 Wizara ya Kazi ilipendekeza kuondoa mwaliko wa kujitaja ulemavu na lengo la 7%, lakini hilo lilihusu kanuni tu, haki yako ya kutobaguliwa na ya kuomba kiti iko kwenye sheria yenyewe.

Yule mama alitiki sitaki kujibu, na nikamwambia sawa mama. Kabla hajaondoka nikamweleza kwamba akitaka dakika chache za kupima damu katikati ya zamu aseme tu, kiboksi alichotiki hakihusiani. Akauliza, "Hata kama nimekataa kujibu?" Hata kama.