Birika la Deep Sea na volti zilizopotea njiani

Wiki iliyopita niliitwa Deep Sea, hapa Tanga, kwa mama mmoja anayewauzia wavuvi chai. Hata begi sijalitua: "Fundi, birika langu limepigwa jicho. Linachelewa kuchemka, na uniti zinakwenda vile vile." Mwenye nyumba, ambaye LUKU, ile mita ya kulipia umeme kabla, iko ukutani kwake, naye ananung'unika kwamba kibanda cha chai ndicho kinachommalizia umeme.

Jicho sina mita ya kulipima. Napima volti na ampea, na hizo mbili zikipatikana, ukinzani na nguvu ni hesabu ya darasa la tano. Volti ukigawanya kwa ampea unapata ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyouzuia umeme kupita, kwa omu. Volti ukizidisha kwa ampea unapata nguvu, kwa wati. Ile ya kwanza aliichapisha Mjerumani Georg Simon Ohm, mwalimu wa shule, mwaka 1827, na jina lake ndilo tunalolitaja kila tukisema omu.

Nikaanza na kibandiko cha chini ya birika: volti 230, wati 2,000. Gawanya wati kwa volti, unapata ampea 8.7. Gawanya 230 kwa 8.7, unapata omu 26 na kitu. Nikalichomoa birika, nikagusisha mita kwenye pini za plagi, ikasoma 26 na kitu hivyo hivyo. Basi birika ni zima, wala si feki.

Kipimo hicho cha baridi kinafaa kwa birika kwa sababu waya wa koili yake haubadiliki sana ukipata moto. Usikiamini kwa globu ya zamani. Ya wati 100, kwa hesabu, ina omu 529 ikiwa inawaka, lakini ukiipima imezimwa mita itakusomea arobaini hivi. Nimeona kijana wa kazi akitupa globu nzima kwa kosa hilo.

Sasa umeme wenyewe. Birika likiwa limezimwa, soketi ya kibandani ilisoma volti 228. Nikaliwasha: 207. Klampu mita, ile inayobana waya na kusoma ampea, ikaonyesha 7.8. (Ibane kwenye waya mmoja tu. Ukibana ya kwenda na ya kurudi pamoja itakwambia sifuri, na utaapa hakuna umeme.)

Zidisha 207 kwa 7.8: wati 1,615. Hapa ndipo watu wanaposhangaa. Ukilinganisha na kibandiko, volti zimepungua sehemu moja ya kumi, lakini nguvu imepungua karibu moja ya tano! Sababu ni kwamba omu za birika ni zile zile, hivyo volti zikishuka na ampea zinashuka nazo, na wati zinapunguzwa na zote mbili.

Swali likabaki: kutoka 228 hadi 207, volti 21 zimekwenda wapi? Zile zile 21 ukigawanya kwa 7.8 unapata omu 2.7, ukizidisha unapata wati 164. Kuna kitu njiani kinapata moto kwa wati 164 na hakichemshi chai ya mtu. Nikafuata njia kipande kwa kipande. Kipimo hiki hufanywa soketi ikiwa wazi na umeme upo, kwa hiyo mwachie fundi. Waya uliovutwa kutoka nyumba kubwa, ule mwembamba wa milimita za mraba 0.75 ambao mtu angeuweka kwenye redio, ulikuwa umekula volti 13. Soketi peke yake ilikula 8.

Volti 8 mara ampea 7.8 ni wati 62. Hiyo ni globu ya 60 inayowaka ndani ya soketi. Plagi ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia, na shaba ya ndani imeota ukijani kwa chumvi ya upepo wa bahari. Ndiyo maana huku Tanga soketi za karibu na maji nazifungua mapema, hata kama mwenyewe hajalalamika.

Tukaweka soketi mpya na waya wa 2.5. Vipimo: volti 224, ampea 8.5, wati kama 1,900. Plagi nikaishika kwa mkono baada ya maji kuchemka, imepata uvuguvugu tu.

Hesabu hii usiihamishie kwenye friji au feni ukadhani umepata wati. Vyenye mota, volti mara ampea hutoa jibu kubwa kuliko nguvu inayotumika kweli, na hilo lina somo lake.

Mwenye nyumba akaja kuuliza nimeona nini. Nikamwambia kwamba birika lilipokuwa likiwaka, katika kila uniti 100 zilizotoka kwake, kama 9 zilikuwa zinapasha waya na soketi. Akafikiri kidogo, akamgeukia mama wa chai: hizo 9 alipe nani? Nikafunga begi langu.