Divai Nyekundu ya Bei Nafuu Kutoka Italia, na Mgongo Unaouma

“Glasi ya divai nyekundu ni dawa ya mgongo.”

Dhana hii haifi kwa sababu ina chembe ya ukweli. Pombe hupunguza maumivu kwa muda. Lakini ili mgongo utulie kweli, itabidi unywe hadi ufike mahali ambapo hutakiwi kushika usukani, na pombe ikishaisha mwilini maumivu yanarudi palepale. Ile resveratroli ya kwenye maganda ya zabibu, inayosifiwa kwa kutuliza uvimbe, imo kwenye glasi kwa kiasi kidogo mno kukufaa kitu. Kunywa kwa sababu unaipenda divai. Hiyo inatosha.

“Nikimeza kidonge kwanza, halafu ninywe baadaye, hakuna shida.”

Inategemea kidonge gani, na hapa ndipo watu wanapoumia. Ibuprofeni na diklofenaki hukwaruza utando wa tumbo, pombe nayo vilevile. Zikikutana, hatari ya vidonda na kutokwa damu tumboni inapanda. Parasetamoli hushughulikiwa na ini, na ini la mnywaji wa kila siku tayari lina kazi nyingi. Wabaya zaidi ni dawa kali za maumivu kama tramadoli na kodeini, pamoja na diazepamu, ambayo wengi hupewa kulegeza misuli iliyokaza. Hizi hupunguza kasi ya ubongo, pombe pia, na kwa pamoja zinaweza kudhoofisha pumzi ukiwa usingizini. Diazepamu hukaa mwilini kwa siku kadhaa, kwa hiyo hesabu ya “nilimeza asubuhi, sasa ni jioni” haina maana. Ukiwa kwenye dawa za kundi hili, chupa ibaki na kizibo chake mpaka umalize dozi na dawa itoke mwilini. Muulize mfamasia, ni swali la dakika moja.

“Divai nafuu ya Italia ni takataka.”

Hapana, na hili nalisema kwa furaha. Mara nyingi bei hulipia muda na jina. Barolo, divai ghali ya mkoa wa Piemonte, kwa sheria haiuzwi mpaka itimize angalau miezi 38, 18 kati yake ikiwa kwenye pipa. Barbera inatoka mkoa huohuo, hailazimishwi subira hiyo, na ukali wake mtamu kama wa tunda bichi kidogo unaendana vizuri sana na chakula chenye nyanya. Montepulciano d'Abruzzo na Nero d'Avola ya Sicilia ni za kundi hilihili: zinanyweka zikiwa changa. Ila usichanganye ile ya Abruzzo na Vino Nobile di Montepulciano. Ya kwanza imeitwa kwa jina la zabibu, ya pili kwa jina la mji ulio katika mkoa wa Toscana, na hiyo hutengenezwa zaidi kwa zabibu za Sangiovese.

Herufi DOC, zilizoanza mwaka 1963, na DOCG, daraja la juu yake, huandikwa kwenye lebo za divai za Italia na zinakueleza divai imetoka wapi na imefuata kanuni zipi. Hazikuahidi kwamba utaipenda. Tignanello, divai nyekundu ya Toscana, ya mwaka 1971 iliuzwa kama divai ya mezani tu, daraja la chini kabisa, kwa sababu ilikiuka kanuni za Chianti, divai maarufu ya mkoa huohuo. Leo ni ya wenye pesa.

“Chupa ya kifuniko cha kuzungusha ni ya hali ya chini.”

Kwa divai ya kunywewa changa, kifuniko hicho kinafaa kabisa. Na mwenye mgongo mbovu ana sababu yake ya kukipenda: kubana chupa katikati ya magoti, ukiinama na kuvuta kizibo kwa nguvu, ndiyo aina ya mkao unaoamsha maumivu yaliyolala.

“Kunywa kidogo, ulale, upumzishe mgongo.”

Pombe inaharakisha usingizi, kisha inaukatakata usiku wa manane, na asiyelala vizuri huhisi maumivu zaidi kesho yake. Kujilaza siku nzima nako hakusaidii. Maumivu mengi ya kiuno hupungua ndani ya wiki chache kwa mtu anayeendelea kutembea na kufanya shughuli zake taratibu. Lakini ukipata ganzi sehemu za siri, ukashindwa kudhibiti mkojo, au miguu ikaishiwa nguvu, nenda hospitali usiku huohuo.