Panya kapona ini, mbona mmea bado si dawa?

Muuza unga wa mlonge Dodoma ana maneno yake: unashusha sukari, unasafisha ini, na siku hizi limeongezeka la tatu, kwamba umepimwa maabara. Hilo la tatu si uongo. Mlonge umejaribiwa kwa panya mara nyingi, na walionyweshwa mara kwa mara hutoka na ini zima kuliko wenzao. Swali ni kwamba waliokolewa na nini.

Upande wa sukari tupite haraka. Panya huchomwa streptozotosini, inayoua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho cha watu wazima wengi, hakianzi hivyo. Kituko chenyewe kiko kwenye ini.

Kwa kawaida panya hunyweshwa maji ya mmea siku kadhaa, kisha hupewa kaboni tetrakloridi, kimiminika kilichowahi kutumika kuzimia moto. Baadaye damu yake hupimwa ALT na AST, vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemia mwilini, ambavyo kwao ni ndani ya seli. Vikizagaa kwenye damu, ujue seli za ini zimeumia. Kwa panya wa mmea vinakuwa vichache. Basi, watu husema, mmea umeponya ini.

Haujaponya kitu. Huenda panya huyo hakuugua kabisa. Kaboni tetrakloridi ikiachwa ilivyo hailiumizi ini sana. Ini lenyewe ndilo linaloigeuza kuwa sumu. Kimeng'enya kiitwacho CYP2E1 huivunja, na kipande kinachobaki hakitulii: kinachana utando wa seli zilezile zilizokitengeneza.

Chukua gunia la pilipili kavu lililoletwa mashineni. Likiwa limefungwa hapigi mtu chafya. Pilipili zikishasagwa, vumbi linatanda, kila mtu anakohoa na kufuta macho. Sasa tuseme kabla gunia halijafika, mtu kauchomoa mkanda wa mashine. Siku nzima hakuna chafya. Je, huyo kagundua dawa ya chafya? Mlete baada ya vumbi kutanda, achomoe mkanda huohuo, uone kama kuna atakayeacha kukohoa. Mimea mingi ina kemikali zinazochomoa mkanda, yaani zinazozuia vimeng'enya vya ini, na kwa mpangilio wa jaribio lile, mchomoa mkanda na mganga wa kweli wanapata alama zilezile.

Mgonjwa wa binadamu huja vumbi likiwa limeshatanda, tena mara nyingi si la pilipili hiyo. Kirusi cha homa ya ini B hakingoji CYP2E1 ndipo kianze kazi.

Kwa watu wa kanda ya kati, hata hivyo, hoja hii ina upande wa pili. Mwaka 2016 sumukuvu aina ya aflatoksini, sumu itokayo kwa kuvu wa nafaka, kwenye mahindi iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, nayo sumukuvu hiyo hupata sehemu kubwa ya ukali wake ikishapita kwenye vimeng'enya vya ini. Hapo kuchomoa mkanda mapema kungekuwa na maana. Ila vimeng'enya vinavyohusika zaidi ni vingine, na mlaji wa ugali hajui ni sahani ipi yenye sumu.

Watafiti makini wana njia za kumnasa mchomoa mkanda. Ya kwanza ni kugeuza zamu: sumu itangulie, mmea ufuate. Ya pili naipenda zaidi, maana wanapima usingizi. Panya mzima hupewa mmea, halafu pentobabito, dawa ya usingizi inayoondolewa mwilini kwa kuvunjwa na ini. Akilala muda mrefu kuliko wenzake, vimeng'enya vyake huenda vimezuiwa. Dalili hiyo hiyo inamhusu binadamu anayemeza vidonge vingine: navyo vinaweza kukawia mwilini mwake.

Lakini kuna mimea inayolewesha yenyewe, nayo hurefusha usingizi bila kuligusa ini. Kwa hiyo kundi jingine la panya hupewa babito, ambayo sehemu kubwa hutoka na mkojo bila kuvunjwa. Mmea ukirefusha usingizi wa pentobabito na usirefushe wa babito, mkanda umechomolewa.