Biashara haramu ya wanyama na mimea ni nini hasa? Sio pembe za ndovu tu

Wengi wakisikia ujangili wanawaza tembo, bunduki na pembe, basi. Ujangili ni kuua, kukamata au kuvuna kiumbe wa porini bila ruhusa, awe mnyama au mmea, na mzigo ukishatoka msituni ndo biashara yenyewe inaanza, kuna anayekusanya, anayesafirisha, anayetengeneza makaratasi, mpaka umfikie mnunuzi ambaye mara nyingi yuko bara lingine kabisa na huo msitu hajawahi hata kuuona.

Ila sio kila biashara ya viumbe wa porini ni haramu, hapa ndo watu wanachanganya. Kuna mkataba wa kimataifa unaitwa CITES, ulisainiwa Washington mwaka 1973 ukaanza kazi 1975, na nchi zaidi ya 180 zimo. Una viambatisho vitatu, yaani orodha tatu za viumbe. Cha kwanza ni cha walio hatarini kutoweka, hao ukiwatoa porini kuwauza nje ya nchi kibiashara hairuhusiwi. Cha pili ndo kimebeba wengi, biashara ipo lakini lazima uwe na kibali cha nchi kinakotoka kiumbe, na hicho kibali kinatakiwa kitolewe baada ya wataalamu kuridhika kwamba uvunaji hautammaliza. Cha tatu, nchi moja inaomba wenzake waisaidie kulinda kiumbe chake. Na viumbe wanahamishwa, mfano mkutano wa Johannesburg wa 2016 uliwapandisha kakakuona wote, aina nane, pamoja na kasuku wa kijivu, wakaingia cha kwanza.

Sasa wajanja wanapita wapi? Kwenye karatasi. Kasuku aliyenaswa porini anaandikwa kazaliwa bandani, maana waliozalishwa na watu wana masharti nafuu. Pembe za ndovu nazo, biashara ya kimataifa ilipigwa marufuku 1989, ila pembe za kale ziliachiwa mlango, kwa hiyo mpya inapakwa rangi ionekane ya zamani. Afu 1999 na 2008 yakaruhusiwa mauzo maalumu ya akiba za serikali, na mimi naona yale yalivuruga tu, maana pembe halali na haramu zikikaa duka moja mteja atazitofautishaje? China ilikuja kufunga soko lake la ndani mwisho wa 2017.

Mimea ndo inasahaulika kabisa, wakati kwenye viumbe kama 40,000 walio kwenye mkataba mingi ni mimea, okidi peke yake ni maelfu. Mbao ndo balaa zaidi. Jamii ya miti inayoitwa Dalbergia, mpingo ukiwemo, karibu yote iliwekwa kiambatisho cha pili kuanzia Januari 2017, lakini gogo likishapasuliwa mbao ofisa wa forodha anaangalia ubao mwekundu au mweusi tu, hauna jani wala ganda, na mara nyingi mpaka upelekwe maabara ndo ajue ni mti gani, huku meli inasubiri.