Kurasa 2 zinazobadili mkataba wa kurasa 60

Nimekaa miaka mingi kwenye meza ya majadiliano, upande wa wafanyakazi wa jiji, na kosa lililoniuma kuliko yote lilitokea kwenye marekebisho ya kurasa 2 ya mkataba wetu wa pamoja na mwajiri. Tulikuwa tumekubaliana na mwajiri kuongeza posho ya zamu ya usiku kwa wazoa taka na madereva wa magari yao. Rasimu iliandikwa haraka, ikasema posho ni ya "wafanyakazi wa usafi". Kumbe mkataba mkuu, kwenye kifungu cha tafsiri, ulishasema wafanyakazi wa usafi ni wafagiaji na wazoaji. Madereva walikuwa kundi jingine, lenye ngazi yake ya mshahara. Wakafanya kazi usiku ule ule, kwenye gari lile lile, na posho wakaikosa. Kulirekebisha hilo rekebisho kulituchukua miezi 9. Madereva waliponiuliza ilikuwaje, niliwaambia ukweli: hatukusoma ukurasa wa kwanza wa mkataba wetu wenyewe.

Tangu hapo nachukulia kila rekebisho kuwa mkataba kamili, hata likiwa na aya moja.

Mkataba wa hali bora za kazi, yaani mkataba wa pamoja kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, huwa na muda wake, mara nyingi miaka 2 hadi 4, na jiji halisimami kusubiri muda huo uishe. Idara mbili zinaunganishwa, ratiba ya zamu inabadilika, mapato yanashuka, sheria mpya inatoka. Yeyote kati ya chama na halmashauri anaweza kupendekeza mabadiliko. Kumlazimisha mwenzake ni jambo jingine. Kama mkataba hauna kifungu cha kufungua upya majadiliano, upande wa pili una haki ya kusema hapana na mazungumzo yakaishia hapo. Wanachama hawapendi kusikia hivyo, hasa bei za bidhaa zikiwa zimepanda. Lakini haki hiyo hiyo ya kukataa ndiyo inayomzuia mwajiri asije mwaka wa pili na pendekezo la kukata malipo ya saa za ziada. Kwa hiyo wakati wa kuandika mkataba mkuu, jadilini mapema ni vifungu vipi vinaweza kufunguliwa katikati ya safari, lini, na kwa taarifa ya siku ngapi. Mshahara wa mwaka wa mwisho ni mfano mzuri wa kitu cha kuachiwa nafasi hiyo.

Jambo la kwanza kabisa la kujua ni sheria ipi inawahusu. Mkataba wa Kimataifa Na. 98 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unalinda haki ya majadiliano ya pamoja, ila haukuwagusa watumishi wa umma wanaoshughulika na utawala wa dola. Ndipo ukaja Na. 151 wa 1978 kwa ajili ya utumishi wa umma, na Na. 154 wa 1981 unaohimiza majadiliano ya pamoja katika kila sekta. Na. 151 unataka migogoro kuhusu masharti ya kazi itatuliwe kwa majadiliano au kwa njia huru zisizoegemea upande, kama upatanishi, usuluhishi na uamuzi wa msuluhishi. Nchi hutofautiana sana katika kuyatekeleza haya. Kuna mahali mfanyakazi wa jiji anahesabiwa kama mfanyakazi mwingine yeyote, na kuna mahali anaangukia sheria ya peke yake yenye taratibu zake za kujadiliana. Hata siku ambayo mkataba unaanza kuwa na nguvu hutegemea hilo. Nchini Kenya, kwa mfano, chini ya Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, mkataba wa pamoja hutekelezeka baada ya kusajiliwa mahakamani. Uliza mapema kama rekebisho nalo linapaswa kupita njia hiyo hiyo.

Sasa nije kwenye kinachoyafanya majadiliano na jiji yasifanane na ya kiwanda. Mwenye kiwanda akisaini, amesaini. Mnayekaa naye mezani upande wa jiji, awe ofisa utumishi au mwanasheria wa halmashauri, kwa kawaida hana mamlaka ya mwisho. Fedha ni za umma, bajeti hupitishwa na madiwani, na mara nyingi kikao chenyewe huwa cha wazi. Kinachosainiwa mezani ni makubaliano ya awali. Nimeona viongozi wa chama wakitoka kwenye chumba cha majadiliano na kuwatangazia wanachama ushindi, halafu baraza likakaa wiki sita bila kulijadili jambo hilo, na hasira zote zikawashukia wao. Mimi hudai mambo mawili yaandikwe kwenye makubaliano ya awali: kwamba timu ya mwajiri italipendekeza rekebisho hilo kwa baraza na kulitetea, na kwamba litafikishwa kwenye kikao kabla ya tarehe inayotajwa. Pia naomba kuonyeshwa kasma, yaani fungu la bajeti litakalolipa. Ahadi isiyo na kasma hukwama kwa mhasibu hata ikiwa na sahihi 10.

Upande wetu nao una baraza lake, yaani wanachama. Katiba ya chama husema nani anaidhinisha. Hata pale ambapo kamati inaruhusiwa kuidhinisha peke yake, mimi napenda rekebisho linalogusa mshahara, saa za kazi au likizo lipigiwe kura. Anayefanya zamu ya usiku ana haki ya kuulizwa kabla zamu yake haijahamishwa.

Kwenye uandishi wenyewe, fuateni mtindo wa miswada ya sheria: "Kifungu cha 14(2) kinarekebishwa kwa kufuta maneno 'saa 8' na badala yake kuweka maneno 'saa 10'." Mtu yeyote anaona kilichotoka na kilichoingia. Ninayoyaogopa ni maandishi ya jumla, kama "pande zote zimekubali kuboresha utaratibu wa zamu." Hapo kifungu cha zamani kimefutwa au kinaendelea kuishi? Mkigombana, msuluhishi atasoma vyote viwili kwa pamoja, na hamjui atatoka na nini. Baada ya hapo wekeni sentensi inayosema vifungu vingine vyote vinaendelea kama vilivyo. Kisha fuatilieni jirani za kifungu mlichogusa. Mkibadilisha siku ya kazi kutoka saa 8 kwenda saa 10 kwa siku 4 za wiki, jiulizeni siku moja ya likizo sasa inahesabiwa saa ngapi, sikukuu inalipwa vipi, na malipo ya saa za ziada yanaanza baada ya saa ya ngapi. Mimi huchukua mkataba mzima na kuzungushia duara kila mahali penye neno "siku". Kazi hiyo inachosha, lakini madereva wale wangekuwa wamelipwa kama tungeifanya.

Neno jingine la hatari ni "kuahirisha". Mwaka 1975 Jiji la New York lilikaribia kufilisika. Vyama vya wafanyakazi vilikubali nyongeza za mishahara ziahirishwe, na mifuko ya pensheni ya wafanyakazi hao hao ikanunua dhamana zilizosaidia kulinusuru jiji. Kujitolea kwa namna hiyo ni jambo zito, na siwezi kumwambia mwanachama alikatae kila linapokuja. Ninachosema ni kwamba nyongeza iliyoahirishwa bila tarehe, wala sharti la kurudi kwake, imefutwa kwa jina la upole. Andikeni italipwa lini, malimbikizo yatakokotolewaje, na anayestaafu katikati atapata nini.

Andikeni pia rekebisho linakoma lini. Barua ya makubaliano ya pembeni, inayosainiwa kwa jambo moja kama zamu za majaribio, inaweza kufa pamoja na mkataba mkuu au kubaki ikielea, na mwajiri na chama wakawa na majibu tofauti. Kuhusu mkataba uliokwisha muda kabla mpya haujapatikana, jimbo la New York lilitoa jibu lake mwaka 1982, liliporekebisha sheria yake ya mahusiano ya kazi ya watumishi wa umma ya 1967: mwajiri haruhusiwi kuacha kutekeleza masharti ya zamani hadi makubaliano mapya yafikiwe. Pale ambapo sheria haisemi hivyo, kifungu chenu ndicho kitakachosema.

Likishapitishwa, tengenezeni nakala moja ya mkataba yenye marekebisho yote ndani yake, tarehe ya kila badiliko ikiwa pembeni. Wapeni wawakilishi wa matawi na wasimamizi wa zamu nakala hiyo hiyo. Na kabla ya mwezi wa kwanza wa malipo, mtu wa chama aende kukaa na mwandaaji wa orodha ya mishahara, wapitie majina ya vyeo kimoja kimoja.